Doa la Kitambaa cha Kochi

Kila Jumamosi Fausta alifua vitambaa vya makochi huku akisonya. Nywele za mume wake zilikuwa zimenyonyoka utosini, na badala ya kunyoa zote yakaisha, yeye kila asubuhi alijipaka piko, rangi nyeusi ya nywele, iliyokorogwa na mafuta. Akiegemea tu, kitambaa kimeharibika.

"Baba Recho, nyoa! Nimechoka kufua kichwa chako!"

"Nikinyoa nitaonekana mzee."

"Mzee kwa nani? Hapa Tunduma nani hakujui umri?"

Mume alichukua kioo.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kwaya walikwenda kumtembelea mwenzao mgeni, mjane aliyehamia kutoka Igamba. Sebule ilimeremeta, na makochi yalivikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Fausta alipotaka kukaa kwenye kochi la dirishani, aliona doa kwenye kitambaa cha egemeo.

"Nisamehe dada, hilo halitoki," mwenyeji alisema, akimimina chai. "Nimelifua hadi kwa limau."

Lilikuwa doa jeusi la mviringo, limepasuliwa katikati na mstari mweupe, kama punje ya kahawa. Fausta aliujua mstari ule. Mume wake ana kovu utosini, na piko haijawahi kushika hapo.

Wenzake walikuwa wakicheka, wakipitishiana maandazi.

Akakibandua kitambaa taratibu, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye mkoba wake juu ya Biblia.

"Limau bila chumvi ni kazi bure," alimwambia mwenyeji. "Acha nikakufulie mimi. Kichwa hiki nimekizoea."