Nungunungu na Darasa la Kuazima

Kaeni vizuri, hii ni fupi na uongo wake ni mdogo. Nungunungu aliacha shule darasa la pili, lakini aliwafundisha watoto wote wa kijiji kusoma, akiandika mchangani kwa mwiba wake mwenyewe. Kilichomkera ni kukosa paa tu: mvua ikinyesha, masomo yamekwisha.

Asubuhi moja Tausi akamjia mbio. "Tembo, yule mwenye mfuko wa kusaidia shule na zahanati, anakuja leo. Nimemwandikia kwamba nina shule. Niazime wanafunzi wako, nikipata ruzuku nitakugawia mabati. Ila wewe kaa jikoni, usiniaibishe na usomi wako wa darasa la pili."

"Sawa, mheshimiwa," akasema Nungunungu, akiwaza mabati.

Tembo akafika. Tausi akatandaza mkia, akahutubia mpaka mgeni akapiga miayo. Nungunungu akatokea jikoni na birika la chai. Darasa zima likasimama: "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, kaeni."

Tembo akamgeukia Tausi. "Kumbe! Na wewe ni nani hapa?"

Tausi akakunja mkia. Nungunungu akamjibia, miiba imemsimama kwa fahari: "Huyo ni mwanafunzi mpya, mzee. Ameanza leo."

Mabati yakaja kabla ya masika, kwa jina la Nungunungu. Yule yule wa darasa la pili, mmesikia?