Idd ya Kuona Mji

Mwanasiti aliivingirisha simu ndani ya mtandio, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Ilikuwa ikiita tena. Jukwaani mpiga gitaa alikuwa amefumba macho, na wimbo kama ule haukatizwi kwa ajili ya mtu wa kukwambia urudi nyumbani.

Ilikuwa Jumapili, ufukweni mwa ziwa, Bujumbura, na alasiri ilikuwa imekaribia. Alasiri ndiyo saa aliyopewa na mumewe ya kuwa amesharudi nyumbani. Duka la vipuri la Tajudini pale Buyenzi lilikuwa limepanuka, basi mwenyewe akaona na nyumba ipanuke. Leo, siku ya tatu ya Idd, angeoa mke wa pili, msichana ambaye bei yake aliipatana na baba mdogo wa msichana huyo, wanaume kwa wanaume. Nikahi ingefungwa msikitini alasiri, jioni bibi-arusi aletwe nyumbani, na mke mkubwa asimame mlangoni kumpokea kwa tabasamu. Kama hajui kutabasamu, ajifunze.

"Nikikukosa kwa mulango," Tajudini alimwambia, "usirudi tena."

Hakuwa mtu wa kutania. Na Mwanasiti alikuwa mgeni Burundi. Alizaliwa Ujiji, akaletwa huku akiwa mwali, na hakuwa na kaka wala shangazi wa kumkimbilia. Akifukuzwa, ni basi la Kigoma na godoro lake juu. Mwanamke mwenye hofu angeanza kukaanga sambusa. Yeye alivaa viatu vyake vya sikukuu, akatoka.

Maana kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko huyo mke wa pili. Alikuwa ameishi katika mji huu zaidi ya miaka kumi bila kuuona. Alijua njia ya sokoni na njia ya dukani. Kila alipoomba kupelekwa ziwani, Tajudini alisema mwezi ujao. Muziki wa bendi, alisema, ni wa wahuni. Sasa serikali imetoa mapumziko ya Idd, Ijumaa mpaka Jumapili, na Mwanasiti aliamua kwamba kama anaondoka Bujumbura, hataondoka kama mzigo uliofunikwa turubai.

Hakuwa peke yake. Asubuhi ya Idd, baada ya sala, alijiwa na Amira, binti mpole mwenye kibegi kidogo, mgeni mjini kama yeye, aliyewaambia wenyeji wake kwamba anakwenda kwa rafiki, akamwomba wazungumze. Walizungumza sana. Walipomaliza, Mwanasiti alimshika mkono wakaenda kupanda kilima cha Kiriri, wakautazama mji wote chini yao. Usiku walilala kwa Daphrose, rafiki yake wa Musaga, ambaye haulizi maswali mengi.

Jumamosi walikodi gari hadi Mugere kuliona jiwe la Livingstone na Stanley. Ni jiwe tu, kubwa, limeandikwa. Walicheka mpaka dereva akacheka nao, kisha wakapiga picha kumi na kitu. Alasiri waliwaona viboko wa mto Rusizi. Jioni waliingia karaoke, kama watu wa Bujumbura wanavyoiita bendi ya baa, wakaagiza Fanta na kucheza. Muuza matairi, jirani wa Tajudini, aliwakodolea macho kutoka meza ya pili, chupa yake ya bia ameificha chini. Mwanasiti alimwita kwa jina, akamtakia Idd njema, akaendelea kucheza. Alijisikia vizuri, tena vizuri sana.

Leo asubuhi walikuwa wamekaa mchangani, miguu majini. Amira alikuwa akijimwagia maji mikononi, na hina yake ilipanda mpaka viwikoni.

"Dada," alisema, "bwana yako ni mutu wa namna gani? Anachekaka?"

Mwanasiti angeweza kusema lolote. Alijibu kwa haki. Tajudini anasali, hapigi, hanywi, chakula hakikosekani. Ila anacheka na wateja tu. Nyumbani anapenda mtu asiye na swali, na funguo za geti anatembea nazo yeye.

Amira aliyapima maneno hayo. Aliyatazama maji, na Mwanasiti hakumsukuma. Kila mtu ana kichwa chake.

Sasa bendi ilipumzika, Amira amekaa kando yake, na simu bado ilikuwa ikiita. Mwanasiti aliinuka, akaitoa mtandioni, akapokea. Tajudini alifoka kwamba watu wote wameshakaa msikitini, mlango wa nyumba umefungwa, na yeye ameaibika.

"Vitu vyangu viweke inje," Mwanasiti alimjibu. "Nitatuma gari." Kisha akaongeza: "Shehe ako hapo? Mupe simu."

Shehe alikuja na sauti yake ya upole. Alimwita mwanangu, akamsihi arudi, ajaze moyo subira, ampokee mwenzake kwa wema, kwani nikahi inafungwa sasa hivi.

"Shehe, bibi-arusi mumemuuliza?"

Shehe alimweleza kwa utaratibu. Mwali hahitajiki msikitini, yuko kwa binamu zake mjini anapakwa hina. Baba yake mdogo ndiye walii, yuko hapa msikitini, na amesema alipomuuliza msichana alinyamaza. Na mwali akinyamaza, amekubali.

"Basi mumuulize tena," Mwanasiti alisema, akaisogeza simu kwenye mdomo wa Amira.

"Nilinyamaza juu nilikuwa nafikiri, shehe," Amira alisema. "Sasa nimemaliza. Apana."