Aliyemwinua Ni Nani?

Nyuma ya kioo, Lurleen, wakili wa kampuni ya bima, alitega sikio. Kesi ilikuwa kesho; leo alikuwa amekodi wakazi wa mji wa Macon, Marekani, wajifanye baraza la raia la kuamua kesi, apime kama aende kortini au bima imlipe tu bibi aliyeteleza dukani.

"Sakafu kavu, jamani! Video ya kamera ya duka si tumeiona?" alisema mzee mmoja huku akiguguna mbavu za kuchoma walizoandaliwa.

"Wewe kula mbavu zako, babu," mama mmoja akamkata. "Video imeishia bibi yuko chini. Aliyemwinua ni nani?"

Swali hilo Lurleen hakuwahi kuliuliza. Akamgeukia meneja wa duka, aliyekuwa kando yake akitafuna ukucha wa kidole gumba.

"Mlimwinua, kaka?"

"Tulimwekea kibao cha njano cha onyo, wakili. Wateja wasimkanyage."

Lurleen akanyoosha mkono kwenye simu, aiambie bima imlipe bibi.