Virusi vya Siwema

Siwema aliona kwanza kwamba daktari ameshika karatasi mbili za majibu ya vipimo: ya kaka yake na ya kwake.

"Tumelinganisha virusi vilivyo kwenye mkojo wenu," daktari alisema. "Ni vya aina moja. Vilikuja na figo uliyompa. Kwako vimelala tu, kwake vimeamka na vinaishambulia. Tutampunguzia dawa za kushusha kinga, halafu tuone kama figo itapona."

Daktari alipotoka, Siwema akainamisha kichwa. Kaka yake, Hamduni, akacheka pale kitandani.

"Wewe tena! Hata tetekuwanga uliniletea wewe. Unakumbuka bibi alivyotuogesha maji ya mwarobaini, tukalazwa mkeka mmoja, tunashindana nani ana vipele vingi?"

"Ulinishinda, kaka."

"Na uji wako nikaumaliza."

Siwema akatabasamu, kisha machozi yakamtoka. Akamshika mkono.

"Kaka, bibi alikuwa amenitenga chumba cha nyuma. Mchana ulipolala nikaja kujilaza kwako makusudi. Niliogopa kuumwa peke yangu. Safari hii sikujua."