Sura ya Sita Haikutumwa

Bonifasia alikitambua kidole kabla ya kukitambua kitabu.

Kilikuwa pichani, kwenye simu ya fundi aliyekuwa akifunga sola katika duka moja mjini Ngara. Kidole gumba kilibana ukurasa, ukucha umepasuka katikati. Bonifasia alikificha chake ndani ya kitenge.

"Shikamoo, fundi. Hicho kitabu umekipata wapi?"

"Marahaba, mama. Kiko bure kwenye magrupu yote ya mafundi. Nani atanunua tena?"

Bonifasia alikuwa amekiandika kitabu hicho cha ufundi wa sola kwa miaka minne. Asubuhi hiyo muuza vitabu alimrudishia nakala zote kumi na mbili, na sasa mkoba ulimkata bega. Mwizi alikuwa yeye mwenyewe. Alizipiga picha kurasa, akamtumia mdogo wake wa Runazi aliyekosa nauli ya kuja kuchukua nakala. "Usimpe mtu," alimwandikia. Zilifika sura tano, bando likaisha.

Fundi aliinua waya wa betri. Bonifasia aliufuata kwa macho hadi ukutani.

"Fyuzi utaiweka wapi?"

"Kitabu hakijasema fyuzi. Kinaishia sura ya tano."

Nyuma ya betri, mtoto wa mwenye duka alikuwa amelala juu ya magunia ya maharage.

"Weka huo waya chini kwanza, mzee wangu."

Alitoa nakala moja, akaifungua kwenye sura ya sita, ile ya fyuzi. Kurasa mpya zilikuwa zikijifunga zenyewe.

Fundi alikuwa ameshainua simu. "Nibanie hapo, mama, nipige picha."

Bonifasia akatoa kidole gumba ndani ya kitenge.