Mke Mwenza wa Bibi

"Tupa," bibi alisema, mpira ulipotoka kwenye sanduku la marehemu babu umesinyaa kama shavu la kibogoyo.

Miaka yote alikuwa akiuita mke mwenza. Enzi za mkoloni babu alikuwa fundi wa reli na golikipa wa timu ya karakana. Mabwana wakubwa walikuwa na mipira mipya. Wafanyakazi walikuwa na huu mmoja tu, na babu ndiye aliyeutunza chini ya kitanda.

"Akirudi kutoka kazini, anaupaka mafuta kwanza, mimi hata hajanisalimia!" bibi alizoea kulalamika.

Nilikuwa naupeleka kwenye pipa la taka nilipoona mishono. Ngozi ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi mweusi, na kila baada ya mishono mitatu kulikuwa na kifundo kidogo. Nikatazama pindo la gauni langu, alilonishonea bibi. Vifundo vilevile.

"Bibi, si ulisema humpendi huyu?"

Akaupokea kwa mikono miwili, akaupakata, akapapasa mshono mmoja baada ya mwingine kwa kidole gumba.

"Simpendi hata leo," akasema. "Lakini angetoka kwangu uchi, watu wangesemaje?"