Usiniambie Nimenawiri

Siku hizi kisanduku cha ukutani, humu humu nyumbani, ndicho kinachosoma uso wa mgonjwa na kuamua apewe dawa au asipewe. Uso ukiwa mwembamba, vidonge vinadondoka. Uso ukijaa, kinasema kwa sauti tamu, "Umenawiri, hongera," kisha kinajifunga.

Shangazi Mwasiti anatumia prednisoloni ya mapafu, mwezi wa nne sasa. Dawa hiyo yenyewe ndiyo hujaza mashavu. Wala haikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, maana mwili umeshasahau kujitengenezea ya kwake. Zamani hata muuza duka la dawa alilijua hilo. Mimi sisahau: binamu yangu Kombo alipongezwa na kisanduku Jumatatu, Alhamisi tukamzika.

Basi kila asubuhi nampaka shangazi wanja chini ya mifupa ya mashavu, aonekane amekonda.

"Wewe, utanifanya kinyago!"

"Nyonya mashavu, shangazi."

Leo vimedondoka sita. Amemeza vitano, kimoja tumekificha kwenye kopo la chumvi, akiba ya siku kisanduku kitakapojifunga. Wiki ijayo atameza vinne.

Mara jirani yetu, Mama Tunu, akachungulia mlangoni. "Jamani, Mwasiti! Umena..."

Akajiziba mdomo, akatazama ukutani.

"Umekonda, shoga yangu," akamalizia. "Umekonda mno."

"Ahsante," shangazi akajibu, machozi yakimlenga.

 Taa ya kijani ya kisanduku, ile inayosoma uso, ilimwacha shangazi, ikashuka polepole, ikatua kwenye vidole vyangu vyeusi kwa wanja.